Diski ya Nkololo

Milembe Salu alikuwa amewapiga picha watu wa Bariadi kwa miaka kumi na moja kabla diski yake haijaanguka. Studio yake ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Somanda, mlango ukitazama barabara, na ukutani pazia la bluu ambalo nusu ya vitambulisho vya wanafunzi wa mji ule vimelitumia. Picha za paspoti alizipigia pale. Harusi, kipaimara, mahafali na misiba alivifuata vijijini kwa pikipiki, kamera mgongoni. Kazi yote ya miaka hiyo ilikaa ndani ya ekstano moja, kile kidiski cha nje kinachochomekwa kwenye kompyuta, kidogo kama kitabu cha nyimbo. Kila jioni alikifunga kwenye kitenge, akakitia kabatini, akaenda kulala akiamini amehifadhi.

Kilianguka mwezi wa nane mwaka 2021, saa nne asubuhi, mteja akiwa kwenye kiti anasubiri picha zake nne. Waya ulinasa kwenye mguu wa kiti. Sakafu ilikuwa ya saruji. Milembe alikiokota, akakifuta na ncha ya kanga, akakichomeka tena. Kikaanza kulia: tik, tik, tik. Kompyuta haikuona kitu. Alimaliza kumhudumia mteja, akamkabidhi bahasha yake, akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akafunga mlango na kukaa sakafuni.

Alikipeleka Mwanza. Fundi wa kule alikifungua, akamwonyesha mchubuko kwenye kile kisahani kinachong'aa ndani. "Mama, hapa hamna kitu," alisema. "Atakayekuambia anaweza, anakudanganya." Milembe akarudi Bariadi, na kwa wiki tatu hakumwambia mtu yeyote. Alipiga picha mpya, akazihifadhi kwenye laptopu, akawa anaomba tu asije mtu wa kuuliza za zamani.

Akaja Nyamizi.

Alikuwa mwanamke wa Sapiwi, mkulima wa pamba, mtu mzima wa miaka sitini hivi. Alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa.

"Mwangaluka, mayu," Milembe alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Nimefuata picha ya binti yangu Flora. Ulimpiga alipomaliza kidato cha nne, mwaka 2018. Alivaa sweta ya kijani."

Milembe aliikumbuka sweta. Akauliza Flora hajambo.

"Tulimzika mwezi wa sita. Homa. Picha ilikuwa kwenye simu yake, na simu iliibiwa hospitalini watu wakiwa wanahangaika naye. Nikasema, si kitu, mpiga picha anazo."

Kulikuwa na benchi pale kwa ajili ya wateja. Milembe alimkalisha, akakaa naye, akamweleza yote: kuanguka, ule mlio, safari ya Mwanza. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo zilikuwa mahali pamoja tu?" aliuliza.

"Ndiyo, mayu. Pamoja tu."

"Sisi mbegu za mahindi tunaweka nyumba mbili. Nyingine kwangu, nyingine kwa shemeji yangu. Panya wakiingia kwangu, kule zimebaki." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayestaajabu tu. Kisha akamshika Milembe mkono, akasema pole, akaondoka kuwahi gari la Sapiwi.

Neno lile la pole ndilo lililomuuma zaidi. Angetukanwa, pengine angepumua.

Kesho yake Milembe alimfuata Anatoli. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mpiga kinanda wa kwaya, ambaye huwezi kumharakisha hata nyumba ikiungua.

"Nataka seva," Milembe alisema kabla hajakaa.

"Seva ya nini?"

"Ya nyumbani. Iweke mafaili yangu yote na nakala zake. Sitaki tena kumwambia mtu kwamba sina."

Anatoli alimtazama, akavua miwani. "Seva ni kompyuta tu isiyozimwa. Hata ile iliyochoka kule stoo inafaa, tukiitia diski nzuri. Kuunganisha vyuma ni kazi ya asubuhi moja. Lakini sishiki bisibisi mpaka uniletee karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya mpango. Diski utaigawa vipi, nini kikae wapi, na nakala ya kila kitu iko wapi. Vitu ukishavipanga vibaya vikajaa, kuvihamisha ni kazi ya mwaka."

Milembe alikuwa mtu wa kupenda mpangilio. Viatu vyake mlangoni hukaa kwa jozi, nguo za kazi hazikutani na nguo za kanisani. Alirudi baada ya siku mbili na karatasi iliyochorwa kwa rula. Diski kubwa ya terabaiti nne ilikuwa imegawanywa vyumba vitano, kila kimoja na jina lake: harusi, misiba, sherehe za kanisa, shule, paspoti.

Anatoli aliisoma kwa muda mrefu. "Hizi si folda, umechora sehemu za diski. Unajua tofauti?"

"Niambie."

"Folda hunenepa na kukonda kadiri unavyoweka vitu. Sehemu ya diski ni ukuta. Nafasi iliyobaki upande huu haivuki kwenda upande ule. Nami ningependa ukuta mmoja tu: mfumo wa kompyuta ukae kwenye diski yake ndogo, peke yake, na mafaili yako yakae kwingine. Mfumo ukifa, unawekwa mwingine na picha hazijaguswa. Kuta nyingine zote ni za nini?"

"Nimechoka na vitu kuchanganyika, kaka Anatoli. Ukuta wa mfumo nakubali, na hizi tano nazitaka."

Anatoli hakuwa mtu wa kubishana. Akazijenga tano. Aliweka diski kubwa mbili, akazifanya pacha, kila kinachoandikwa kwenye moja kikiandikwa kwenye nyingine saa hiyohiyo, ili moja ikifa nyingine iendelee. Seva ikawekwa kwenye chumba cha Milembe cha kulala, juu ya stuli, mbali na dirisha kwa sababu ya vumbi.

Sasa alikuwa na nyumba ya vyumba vitano, na vyumba vyote vitupu. Hapo ndipo alipofanya jambo lililowashangaza watu wa Bariadi. Jumapili moja aliomba nafasi ya kutoa tangazo kanisani. Alisimama mbele, akasema picha zote alizowahi kuwapiga zimepotea, kosa ni lake, na anaomba yeyote mwenye picha au mkanda wa kazi yake amwazime siku moja tu anakili. Padri akaagiza litangazwe na kwenye vigango, yale makanisa madogo ya vijijini. Wiki iliyofuata akaomba tangazo hilohilo kwa jirani zake Waprotestanti.

Alitegemea watamlaumu. Walimletea. Mwanamume mmoja alitoka Mwamapalala kwa baiskeli na DVD sita zilizofungwa ndani ya shati. Mwalimu mmoja alikuja na flashi iliyokuwa imefuliwa pamoja na suruali, na bado ilifanya kazi. Wengine walikuja na picha za karatasi zilizobanduliwa ukutani, gundi bado iko mgongoni, naye akazipiga upya moja moja chini ya mwanga wa mlangoni. Kwa miezi kadhaa studio ilikuwa na watu wanaosubiri kurudishiwa vyao, wakitazamana picha na kucheka jinsi walivyokuwa wembamba.

Mwezi wa saba mwaka 2022, msimu wa pamba ulipofika na wenye shughuli zao wakaanza kuoza na kuoa, ukuta wa kwanza ukagoma. Milembe alikuwa ametoka kwenye harusi Nyakabindi, siku nzima ya picha na video. Aliporudi alianza kuhamishia kazi kwenye seva, na katikati ya safari kompyuta ikasimama na kuandika kwamba nafasi imekwisha. Hakuelewa. Alikuwa na terabaiti nne! Akafungua chumba kimoja kimoja. Chumba cha misiba kilikuwa na robo tu, cha paspoti hakijafika hata sehemu ya kumi, cha harusi kimejaa mpaka mlangoni. Video za harusi ni nzito, naye alikuwa amezipa chumba sawa na picha za paspoti, ambazo ni nyepesi kama makapi.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba mkono wake ulikuwa tayari kwenye kamera, kidole kimekaribia kufuta kadi ili aitumie kesho. Dakika tano zaidi, na nusu ya harusi ya watu ingekuwa imekwenda.

Alimpigia Anatoli simu. "Kuta zimenishinda," alisema.

"Kuta hazikukushinda. Ulizijenga kabla hujajua mavuno." Kisha, kwa sababu alikuwa mpole, akaongeza, "Hata mimi seva yangu ya kwanza niliikata vipande saba. Sijawahi kumwambia mtu. Leta karatasi nyingine. Ila safari hii usichore kwanza. Sikiliza wateja wako kwanza, uone wanavyotafuta."

Basi kwa wiki nne Milembe alikaa na daftari karibu na kikokotoo. Kila aliyekuja kuuliza picha ya zamani, aliandika maneno yake kama yalivyotoka. Mama mmoja aliulizia picha za harusi ya jirani, na aliyemtaka hakuwa bibi harusi, ni baba yake mwenyewe aliyetoa hotuba siku ile, sasa hayupo. Mzee mmoja wa Mwamapalala alitaka za msiba wa kaka yake, lakini si za jeneza: mjukuu wake alibeba msalaba siku ile, naye sasa ni askari huko mbali. Mwingine alisema tu, "Zile za Nkololo, mwaka ule mvua ilipobomoa daraja." Katika watu arobaini na wawili, hakuna hata mmoja aliyetafuta kwa neno harusi au neno msiba peke yake. Walianza na mahali, na ukoo, na mwaka.

Alimpelekea Anatoli daftari lenyewe pamoja na karatasi. Safari hii mchoro ulikuwa mwepesi. Diski ndogo ya mfumo peke yake, kama zamani. Diski pacha zikawa uwanja mmoja mpana usio na kuta. Ndani ya uwanja huo folda mbili tu kubwa. Ya kwanza aliiita KAZI, kwa vitu vinavyokatwa, kurekebishwa na kuharibiwa. Ya pili GHALA, kwa vilivyokamilika, na kitu kikishaingia ghalani hakuna anayeweza kukibadilisha, hata Milembe mwenyewe, mpaka aingie kwa nywila nyingine. Ndani ya ghala kuna mahali, ndani ya mahali kuna ukoo, na ndani ya ukoo kila shughuli inaanza na tarehe, mwaka mbele, mwezi, kisha siku, ili kompyuta izipange yenyewe kwa kufuatana.

Anatoli alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akagonga karatasi kwa kidole. "Na nakala?"

"Si diski ziko mbili, pacha?"

"Pacha hulindana na kifo cha diski. Hawalindani na wewe. Ukifuta folda huku, na kule imefutika saa hiyohiyo. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba pacha wote wawili. Hiyo bado ni nyumba moja, Milembe."

Maneno ya mama wa Sapiwi yalimrudia Milembe yote, na shemeji yake na panya wake.

"Kaka yangu yuko Nkololo," alisema.

Kabla ya safari ya Nkololo palikuwa na siku moja ngumu. Ili kuta zivunjwe ilibidi picha zote zitoke kwenye seva, na Milembe alikuwa na ekstano mpya moja ya kuzihamishia. Anatoli alikuwa tayari na bisibisi. "Tuanze?" akasema. Milembe akaona wanachotaka kufanya: kwa saa kadhaa kila alichorudishiwa na watu kingekuwa tena ndani ya kidiski kimoja juu ya meza. Akakataa. Anatoli akacheka kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akaenda kwake, akarudi na diski yake ya nyimbo za kwaya iliyokuwa na nafasi. Wakanakili mara mbili, wakafungua picha mia moja hapa na pale kuona kama ni nzima, ndipo wakavunja.

Kuhamia kwenye mpangilio mpya kulichukua miezi miwili, kwa sababu kila shughuli ilitakiwa kupewa mahali na ukoo wake. Mwezi wa kumi alikuwa anapanga folda ya Sapiwi. Vitu vya Sapiwi havijawahi kukaa pamoja. Vilikuwa vimetawanyika, vingine kwenye harusi, vingine kanisani, vingine shuleni. Sasa vilikuwa mbele yake kwa mstari mmoja, mwaka hadi mwaka. Akafungua mkanda wa kipaimara wa mwaka 2019 uliorudishwa na katekista, ili auone ni wa familia gani. Kwaya ilikuwa inaimba. Safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, alikuwa msichana mrefu wa sauti ya kwanza, na kamera yake Milembe, aliyekuwa akitafuta mtu mwingine, ilipita juu ya uso wake, ikarudi, ikatulia. Sekunde kumi na moja. Katikati ya sekunde hizo Flora alikosea mstari, akamtazama mwenzake, akacheka.

Milembe alimfuata Nyamizi huko Sapiwi kwa pikipiki, laptopu kwenye begi. Wakaketi ndani, mlango ukiwa wazi. Alimwonya kwamba si ile ya sweta ya kijani, ile haikupatikana na haitapatikana. Kisha akabonyeza.

Nyamizi hakulia mara moja. Aliuliza, "Anacheka nini?"

"Amekosea wimbo, mayu."

"Alikuwa anakosea kila siku. Hakuwa na sikio la nyimbo. Alipenda tu kuimba." Akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara nyingi, mpaka betri ikalia. Jirani wakaja, na shemeji yake, wakasimama nyuma ya kiti, na kila mara Flora alipokosea chumba kizima kiliguna naye. Milembe alimwachia picha tatu za karatasi na flashi mbili. "Moja kaa nayo," alisema, "moja mpe shemeji." Nyamizi akamshukuru, "Wabeja sana," akamtia mikononi mfuko wa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, akamsindikiza mpaka barabarani.

Sasa kuhusu Nkololo. Kaka yake Milembe aliitwa Mayige, mfugaji, mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi. Tangu mama yao afariki, miaka minne nyuma, ndugu hawa wawili walikuwa wanaonana kwenye misiba tu. Hapakuwa na ugomvi. Kila mmoja alikuwa na shughuli zake, na barabara ya kati yao ilizidi kurefuka. Milembe alipofika na ekstano ndani ya kopo lenye mfuniko, Mayige aliigeuza mkononi kama anayekagua jino la ng'ombe mnadani.

"Hiki kinakula nini?"

"Hakili. Kinataka pakavu, pasipo joto kali, na kisiguswe."

"Kina nini ndani?"

"Watu."

Mayige alifikiri. Kisha akalifungua sanduku la bati ambamo alihifadhi hati ya shamba na cheti cha ndoa, akakiweka chini ya hivyo vyote, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. "Utakifuata lini?"

Utaratibu ulikuwa huu: ekstano zilikuwa mbili zinazofanana. Moja hukaa Nkololo, nyingine mjini ikipokea kazi mpya. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Milembe huzibadilisha, ile iliyoshiba inakwenda, iliyokuwa kule inarudi. Na kadi za kamera hazifutwi mpaka kazi yake iwe imefika Nkololo. Zinasubiri ndani ya kopo la maziwa ya unga. Anatoli alimlazimisha pia, mara moja kila baada ya miezi mitatu, kuchukua diski iliyotoka kwa kaka yake na kurejesha folda nzima kwenye kompyuta nyingine. "Nakala ambayo hujawahi kuirejesha," alisema, "ni tumaini tu." Karatasi ya mpango ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati la studio, pamoja na maelekezo ya hatua kwa hatua kwa mwandiko wa Milembe.

Radi ilipiga mwezi wa kumi na moja mwaka 2023, siku ya Ijumaa alasiri, mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza. Ilipiga nguzo iliyo karibu na nyumba. Milembe alikuwa studio. Jirani alimkimbilia akamwambia kwake kunanuka moto. Nyumba ilikuwa nzima, lakini kona ya chumba ukuta ulikuwa mweusi, na seva ilikuwa imeungua, diski ndogo, pacha wote wawili, na ile ekstano ya mjini iliyokuwa imechomekwa ikipokea nakala. Vitu vinne, kwa pigo moja.

Alisimama akitazama. Baadaye alisema alikuwa anasubiri ile hali ya mara ya kwanza imjie, ile ya kukaa sakafuni, na haikuja. Kichwa kilikuwa kinahesabu: Jumapili ya kwanza ilikuwa tarehe tano. Leo ni kumi na saba. Siku kumi na mbili. Akarudi studio, akaenda kabatini, akafungua kopo la maziwa. Kadi tano zilikuwemo, kavu.

Akampigia Mayige. "Kaka, sanduku liko salama?"

"Liko. Kuna nini?"

"Radi imeua kila kitu. Kimebaki hicho cha kwako."

Upande wa pili akasikia Mayige akimwambia mtu alete pikipiki. "Usije," alisema. "Barabara ina maji. Nakileta mimi."

Alifika kesho yake saa tatu asubuhi, matope mpaka magotini, kopo lenye ekstano limefungwa kifuani chini ya koti. Alipokabidhi alikuwa bado amelishika kwa mikono miwili. Anatoli alikuwa amekwishakuja na kompyuta chakavu nyingine na diski mbili mpya za kuazima. Alifungua mlango wa kabati, akasoma karatasi, akaanza kazi bila kumuuliza Milembe swali hata moja. Walinakili kwanza kile cha Nkololo kwa kukisoma tu, bila kuandika chochote juu yake. Jumatatu adhuhuri ghala lote lilikuwa limerudi, mahali, koo na tarehe, na Milembe alikuwa anamalizia kadi ya tano. Alipoteza marekebisho ya rangi ya harusi moja. Akayafanya upya.

Mayige hakuondoka siku ile ya kwanza. Alikaa kwenye benchi la wateja akitazama majina yakipita kwenye skrini, Sapiwi, Mwamapalala, Nyakabindi, na akawa anawajua wengi kuliko dada yake. "Huyu si wa ukoo huo," alisema mara moja, "huyo ni wa kwa mjomba wake, walihamia." Milembe akasahihisha. Jioni walikula ugali na mlenda, wakazungumza habari za mama yao, kwa Kisukuma, kwa muda mrefu.

Tangu hapo Jumapili ya kwanza imekuwa siku ya ndugu. Milembe anafika Nkololo kabla ya chakula, na Anatoli husema watu wa kwaya wamekwishaelewa, hawampangii Milembe kazi ya picha siku hiyo. Mwaka jana Mayige alimwambia anataka na yeye folda yake kwenye diski, kwa kuwa ndiye mlinzi.

"Nitaiandika Mayige?" Milembe aliuliza, laptopu mapajani.

"Andika kwa jina la mama. Watoto watakuja kutafuta kwa huyo."

Akaandika hivyo, chini ya Nkololo. Kisha wakatoka nje kupiga picha ya kwanza ya kuweka humo. Mayige alitaka apigwe picha pamoja na dume lake jeusi lenye baka jeupe, na dume halikutaka. Liligeuka, likampa kamera makalio, wakalizunguka, likageuka tena, wake za wanawe wakicheka jikoni mpaka wakashikana. Milembe alipiga picha thelathini na nne. Zote alizihifadhi.